Jumamosi Nitakuwa Wapi?

Daktari aligeuza skrini ya kompyuta ili sote watatu tuione picha ya goti. Kwa ncha ya kalamu akatuonyesha mahali ambapo kano ya mbele ilipaswa kuonekana, ukanda mweusi ulionyooka kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi. Palikuwa na ukungu tu. Dada yangu akauliza gharama. Mimi nikauliza kuhusu upasuaji. Daktari alijibu yote kwa upole, akaongeza kwamba baada ya upasuaji itapita miezi 9 kwa uchache kabla msichana hajaruhusiwa kucheza mechi, na kwamba wanaokimbilia uwanjani mapema kuliko hapo ndio wanaoumia tena zaidi.

Mpwa wangu ana miaka 18. Alikuwa kimya tangu tulipoingia. Alipofungua mdomo hakumtazama daktari wala mama yake.

"Sasa Jumamosi nitakuwa wapi?"

Daktari alidhani anauliza siku ya kurudi kliniki. Akafungua kalenda yake, akasema Jumamosi huwa hayupo, tuje Jumatatu.

Mimi nilimwelewa. Nimecheza voliboli tangu shule ya msingi hadi utu uzima, nikiwa seta, yule anayewapangia wenzake mipira ya kupiga, na najua Jumamosi ya mchezaji ni kitu gani. Ni siku ambayo huhitaji kujieleza kwa mtu. Unaamka, jezi iko kwenye begi, wenzako wanakusubiri stejini, na ndani ya ukumbi wa Nyayo kuna mtu ameshika karatasi ya mechi yenye jina lako na namba yako. Swali la wewe ni nani limejibiwa hata kabla hujanywa chai.

Maneno yake yalinikaa rohoni kwa wiki nyingi. Nilikuwa nayo kwenye matatu, nilikuwa nayo kazini, na usiku usingizi ukiruka nilikuwa nayo pia.

## Kila mtu alisema "utarudi"

Kocha alipiga simu: utarudi. Wenzake walikuja na matunda: utarudi. Mchungaji aliweka mkono juu ya lile goti lililofungwa bandeji, akaomba arudi akiwa na nguvu kuliko mwanzo. Nami nilisema hivyohivyo, na nilisema kwa moyo wote.

Ila kadiri nilivyolisikia neno hilo likirudiwa, ndivyo lilivyozidi kunitia wasiwasi. Anayeambiwa atarudi ni mtu aliyeondoka. Msichana yuko pale pale, juu ya godoro, mguu umewekwa juu ya mito miwili, anakula, anacheka akichekeshwa, analia akiachwa peke yake, nasi tunazungumza naye kana kwamba aliyepo ni mlinzi tu anayelinda nafasi ya mwenyewe hadi mwenyewe atakapofika.

Na je, asiporudi?

Swali hilo hakuna aliyelitaja nyumbani. Watu walilikwepa kama jina la marehemu ambaye matanga yake hayajaisha.

Hata kwa hesabu za kawaida za mchezo wetu, halikuwa swali la mbali. Kano hii huraruka bila mtu kuguswa na mwenzake: unaruka, unatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani, basi. Wasichana huipata kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, jambo ambalo madaktari wa michezo wamelisema kwa miaka mingi. Wako wanaorudi wakafika mbali. Wako wanaorudi wakawa si wale. Wako ambao hawarudi kamwe, na hao ndio wasiokuwa na picha ukutani mwa klabu.

## Mkate na jina mfuko mmoja

Ilibidi nijiulize kwa nini goti moja liweze kubeba vitu vingi hivyo.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Klabu moja ya shirika ilikuwa imemwona, na mazungumzo yalikuwa yameanza. Anayeufahamu mchezo huu hapa kwetu anajua maana yake. Timu zenye nguvu katika voliboli ya wanawake ni za mashirika na vikosi: Kenya Pipeline, KCB, Magereza. Jezi huja na ajira. Kwenye riadha ni vivyo hivyo, polisi, jeshi, magereza. Paul Tergat alitokea Jeshi la Anga, Kipchoge Keino alikuwa polisi, na wengine wengi.

Utaratibu huu nauheshimu sana. Umelisha familia, umesomesha wadogo zetu, umewapa wasichana wa vijijini payslipu kabla hawajafika miaka 20. Na kwa wale wa vikosi una neema nyingine ambayo haisemwi: siku mguu unapochoka, mtu amebaki na sare. Anaamka asubuhi akiwa konstebo au sajini. Watu wana namna ya kumwita.

Lakini kwa msichana ambaye bado yuko mlangoni, mambo hayo yote yamefungwa pamoja. Mshahara uko kwenye goti. Marafiki wako kwenye goti. Kitanda cha hosteli, heshima ya nyumbani, hata namna majirani wanavyomsalimia akipita, vyote viko pale. Kano moja ikikatika, hapungukiwi na kazi tu. Anapungukiwa na watu wa kumwita jina.

Mwaka 1993 watafiti watatu wa Marekani, Britton Brewer, Judy Van Raalte na Darwyn Linder, walitunga kipimo cha kuangalia ni kwa kiasi gani mtu hujiona kuwa mwanamichezo na hicho pekee. Ni orodha fupi ya kauli, unasema unakubali au unakataa kwa kiwango gani. Kauli zenyewe ni kama hizi: Rafiki zangu wengi ni wanamichezo. Nauwaza mchezo kuliko jambo lingine lolote. Ningehuzunika sana kama ningeumia nisiweze kushindana. Walichokisisitiza ni kwamba nguvu hii ina pande mbili: humsukuma mtu afanye mazoezi wakati wengine wamelala, na hiyohiyo humwangusha vibaya mchezo unapomponyoka.

Nilizisoma kauli zile usiku mmoja nikamfikiria mpwa wangu, na kila moja ningemjibia kwa alama ya juu kabisa. Nikajiwazia mimi nikiwa na umri wake. Hali ni ileile.

## Waliozaliwa katikati

Kuna jambo kuhusu timu yetu ya taifa ambalo kila nikilifikiria hunipa uchungu.

Malkia Strikers walicheza Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na ya Athens mwaka 2004. Baada ya hapo hawakuonekana tena hadi Michezo ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021. Na si kwamba katikati hapo walikuwa dhaifu. Walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2007, 2011, 2013 na 2015, kombe la 2015 wakilitwaa hapahapa Nairobi. Lakini tiketi ya Afrika ya Olimpiki ilikwenda kwa Aljeria mwaka 2008 na 2012, kisha Kameruni mwaka 2016.

Hesabu maisha ya mchezaji. Anaanza na miaka 18, 19, anamaliza karibu na 33. Yuko mwanamke wa Kenya aliyetawala Afrika maisha yake yote ya uchezaji na asikanyage Olimpiki, kwa sababu alizaliwa kati ya tarehe mbili. Alifanya kila alichoambiwa. Aliruka, alitua, alishinda.

Kama thamani yake ilikuwa ikisubiri kule, ilisubiri bure.

Na huyo ni yule aliyevaa rangi za taifa. Mimi sikufika huko. Wengi wetu hatukufika huko. Tulikuwa wachezaji wa klabu, wazuri wa kutosha kujulikana Kaloleni, Makadara na Buruburu, na hatukuwa wazuri wa kutosha kukumbukwa.

## "Sasa utatulia"

Mimi sikuumia. Siku moja orodha ya msimu ilibandikwa na jina langu halikuwemo, na seta mpya alikuwa msichana mrefu kutoka shule moja ya magharibi ambaye mikono yake ilikuwa laini kuliko yangu. Hakuna aliyenikosea. Ndivyo mchezo ulivyo.

Nyumbani walilipokea jambo hilo kwa furaha fulani. Shangazi zangu walisema: "Sasa utatulia."

Kila mwanamke aliyecheza amelisikia. Kutulia maana yake ni kuolewa, kuzaa, kuacha kuzurura na begi mgongoni. Mvulana akiacha mchezo huambiwa atafute kazi. Msichana huambiwa atulie. Kumbe walikuwa na jina lingine lililokwisha tayarishwa, wanangoja tu hili la kwanza lichakae. Ningetoka kuwa mchezaji wa fulani niwe mke wa fulani na mama wa fulani, bila hatua hata moja katikati ambayo ningesimama mwenyewe.

Niliolewa baadaye, nina watoto, na nawapenda kupita maneno. Ila sikuwapata ili wazibe pengo la voliboli, wala singependa wabebe mzigo huo.

Kilichonisaidia kilitoka upande ambao sikuutazamia. Jirani yetu alikuwa na mtoto kiziwi, na kanisani palianzishwa darasa la Lugha ya Ishara ya Kenya siku ya Jumamosi asubuhi. Nilikwenda kwa sababu Jumamosi ilikuwa tupu mno. Na pia kwa sababu seta amezoea kusema kwa vidole. Miaka yote niliwaonyesha wenzangu mpira unakwenda wapi kwa vidole nilivyovificha nyuma ya mgongo. Nilidhani nitashika upesi.

Sikushika. Vidole vilikuwa vyepesi lakini uso wangu ulikuwa umekufa, na katika lugha ile uso ni nusu ya sarufi. Mtoto wa jirani alinicheka hadi akashika tumbo. Nilikuwa wa mwisho darasani kwa muda mrefu sana.

Na kila Jumamosi walikuwa wakinisubiri.

Hapo ndipo kitu kilianza kulegea ndani yangu, ingawa ilinichukua miaka kujua ni kitu gani. Tangu utotoni sikuwahi kuwa mahali ambapo ningeweza kuwa mbaya na bado nafasi yangu ikawepo. Uwanjani, ukipanga mipira mitatu mibaya, mtu wa benchi anaanza kuvua treki. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mtu anayeishi humo tu anaanza kuamini kwamba dunia yote ni hivyo: upendo, salamu, kiti cha kukalia, vyote hutegemea pasi inayofuata.

## Wanaotuuliza kama tulijenga

Ukitaka kuzungumza habari hizi Nairobi, mazungumzo hukimbilia pesa. Mchezaji akistaafu, watu huuliza kama alijenga. Alinunua ploti wapi, ana nyumba za kupangisha ngapi, ana matatu? Ni swali la haki. Wapo waliofaidi miaka michache na wakaishia kuchangiwa mitaani, na uchungu wake tunaujua.

Lakini nyumba za kupangisha hulipa karo. Hazikuambii uamke uende wapi. Namjua mwanamume aliyekimbia vizuri Ulaya, mwenye jengo zima upande wa Thika Road, ambaye kila jioni huzunguka uwanja wa Kasarani kwa gari na kurudi nyumbani. Mkewe aliniambia.

Baada ya pesa huja mifano mikubwa. Tegla Loroupe alishinda marathoni ya New York mwaka 1994 na 1995, kisha akaanzisha wakfu wa amani mwaka 2003, na mwaka 2016 aliiongoza timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, baadhi yao wakiwa vijana wa Sudan Kusini waliofanya mazoezi kwenye kambi yake Ngong. Kipchoge Keino alilea watoto yatima Eldoret. Wesley Korir alishinda marathoni ya Boston mwaka 2012, mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany, na aliendelea kukimbia akiwa bungeni.

Ninawaheshimu wote. Maisha ya Tegla yangenitosha kuandika mwezi mzima. Lakini mifano hii, tukiipeana hivihivi, humwambia msichana wa miaka 18 kwamba ili uwe mtu mwingine baada ya mchezo sharti kwanza uwe bingwa, medali ikufungulie mlango, ndipo uingie na jambo jema mkononi. Wasiokuwa na medali wafanye nini? Nao wana asubuhi za kuamkia.

## Kocha wangu

Nilimwendea kocha wangu wa zamani. Bado anafunza wasichana jioni, Eastlands, kwenye uwanja wa saruji wenye wavu ulioshonwashonwa. Ni mtu mwema. Viatu vyangu vya kwanza vya mchezo alininunulia yeye.

Nikamweleza ninachokiwaza: kwamba hawa watoto tuwasaidie kuwa na maisha mengine wakiwa bado wanacheza, tusingoje waumie. Akatikisa kichwa.

"Mshika mbili moja humponyoka," alisema. "Ukimwambia mtoto awe na mlango wa nyuma, siku mazoezi yakiwa magumu atautumia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimetikisika, maana kuna ukweli pale. Ipo njaa ambayo bila hiyo hakuna mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukimbia Juja Road gizani. Mimi nilikuwa nayo. Niliwaona wenye vipaji kuliko mimi waliokuwa na mambo mengi, wakapotea. Sikuwa na jibu la kumpa, na kwa siku kadhaa niliona afadhali ninyamaze, nimwache mpwa wangu ashikilie hilo neno la kurudi kwa mikono yote miwili.

Kilichonirudisha ni saa. Nilikumbuka siku ya mchezaji wa klabu ilivyo: mazoezi asubuhi, mazoezi jioni, na katikati masaa mengi ya kulala kitandani na simu. Hakuna anayemwibia kocha kitu katika masaa yale. Halafu nikakumbuka kilichonichosha zaidi nilipokuwa nacheza. Hakikuwa kuruka. Kilikuwa hofu. Hofu ya kupanga mpira vibaya, kwa sababu nyuma ya mpira ule hapakuwa na mimi mwingine wa kurudia nyumbani.

Nilikumbuka pia Mathare. MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987, kina kanuni ambayo tangu niko mdogo niliiona ya kawaida na sasa naiona ya ajabu: timu za watoto hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Pointi za kuzoa taka na kuzibua mitaro zinaingia kwenye jedwali lilelile la pointi za mabao. Mtoto asiyejua kupiga chenga anaweza kuinyanyua timu yake akiwa ameshika reki. Katika jedwali lenyewe, mbele ya macho ya wote, imeandikwa kwamba mchezaji ni mtu wa mtaa kwanza. Na MYSA haikuzaa timu dhaifu. Mathare United ilitokea humo, nayo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2008.

Nitarudi kwa kocha na hilo. Najua atalitafakari.

## Ghorofa ya nne

Wakati mimi nazunguka na mawazo yangu, mpwa wangu alikuwa na tatizo la ngazi.

Wanakaa Umoja, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Kupanda kwa magongo kulimmaliza. Kwa hiyo siku za mazoezi ya viungo, akirudi kutoka hospitali, alikuwa akikaa chini kwenye duka la Mama Fundi hadi kaka yake arudi jioni amsaidie kupanda. Mara za kwanza alikaa tu kwenye benchi, kichwa ndani ya simu, akiangalia video za wenzake.

Mama Fundi hapendi mikono iliyokaa. Akampa nguo akate nyuzi. Kisha akampa kiwembe cha kufumulia mishono. Kisha pasi. Siku moja mteja alikuja wakati mama mwenyewe ameenda Gikomba kutafuta vitambaa, na mpwa wangu, amesimama kwa gongo moja, akashika tepu akapima mabega, kifua, kiuno, akaandika kwenye daftari. Vipimo vilikuwa sawa.

Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ilimshinda. Inamshinda hadi leo, kitambaa kinamkimbia. Mama Fundi anafumua, anamrudishia, anasema rudia, halafu wanakunywa chai ya tangawizi na maandazi.

"Anti, nikikosea hakuna anayeninyamazia," aliniambia.

Nilijua anazungumzia nini. Ile safari ya kurudi na basi la timu baada ya kushindwa, ukiwa umepiga nje mpira wa mwisho, na viti vyote vimegeuka kutazama dirishani.

Kisha siku moja alinipigia simu usiku, sauti imechangamka kuliko nilivyomsikia tangu aumie. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amekuja dukani akauliza, yule msichana anayepima vizuri yupo? Mpwa wangu alinisimulia mara mbili.

"Na hakujua kama nacheza, Anti. Hakujua kabisa."

## "Usiniandike hivyo"

Niliketi nikaandika makala haya kwa furaha, lakini hayakuwa kama yalivyo sasa. Yaliisha na msichana aliyepoteza mchezo akapata cherehani. Nikamtumia asome, kwa sababu ni habari zake.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa adabu, lakini kwa msimamo.

"Anti, usiniandike kwamba nimekuwa fundi."

Akaeleza. Mama yake ameshaanza kuuliza bei ya cherehani. Mchungaji ameshukuru madhabahuni kwa kipaji kipya. Kaka yake anataka kumfungulia ukurasa wa kuuza nguo. Yeye anapenda tu kukaa pale. Hajui kama anapenda kushona au anampenda Mama Fundi. Voliboli bado anaipenda, na kuna Jumamosi anakwenda kuwatazama wenzake na kuna Jumamosi hawezi, na hataki mtu amwambie ameshapona moyo. Amesema tunamharakisha.

Niliusikiliza ujumbe ule jikoni, sufuria ikiungua.

Tulikuwa tumefanya kilekile walichofanya shangazi zangu. Tulikuwa na jina lingine tayari, tena zuri, tukawa tunamvalisha kabla hajasimama. Sasa naona kwamba anachohitaji mtu wa umri wake ni mahali pachache ambapo anasubiriwa, hapa akiwa hodari na pale akiwa mwanagenzi, na muda wa kukaa humo bila kuulizwa hapa ni nini na patakuwa nini. Voliboli iwe mojawapo ikiwezekana. Duka liwe mojawapo. Nyumbani pia pawe mojawapo, na hilo linatuhusu sisi: nimeanza kumuuliza amekula nini na amecheka na nani, na goti nimemwachia daktari.

Wachezaji wanaosoma hapa, wale ambao magoti yao ni mazima, nawasihi mtafute mahali kama hapo sasa. Pasiwe pa kuongeza pesa, hiyo mtaifanya pia. Pawe mahali ambapo hamjui kitu. Makocha, waulizeni jambo lisilo la mpira, na msubiri jibu hadi liishe.

Amenipa ruhusa ya kuyatoa makala kwa sharti kwamba sehemu hii ibaki.

Ameanza kukimbia polepole, mstari mnyoofu tu, bado haruki. Klabu ile imetuma ujumbe kupitia kocha wake, wanauliza kama wamweke kwenye majaribio akiwa tayari. Ameomba pia nafasi ya chuo, matokeo hayajatoka. Hajawajibu klabu. Kwanza, anasema, wapambe wa harusi wanakuja kuchukua gauni zao Ijumaa, na kuna zipu mbili ambazo bado hazijakaa sawa.